Majengo ya kale ya Winnipeg yaliyonusurika kwa mdororo

MJI wa Winnipeg, makao makuu ya jimbo la Manitoba nchini Canada, una majengo ya kale yapatayo 150 katika eneo la Exchange District, lililopata jina lake kutokana na soko la nafaka lililoanzishwa mwaka 1887.

Mfereji wa Panama ulipofunguliwa mwaka 1914, shehena nyingi ziliiacha reli ipitayo mjini humo. Ujenzi ulidorora, hivyo majengo hayo hayakubomolewa kupisha mapya. Mwaka 1997, eneo hilo lilitangazwa kuwa urithi wa taifa.

Hata hivyo, nje ya eneo hilo, duka la Eaton's lililofunguliwa mwaka 1905 lilibomolewa mwaka 2002 licha ya upinzani wa wakazi, kupisha ukumbi wa michezo uliofunguliwa mwaka 2004.