Ua Lililopita Mikononi mwa Wajuzi wa Kiswahili

Mvua za mwanzo zinapolowesha misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Mpanda, huchomoza ua dogo la rangi ya waridi inayoelekea zambarau, lenye doa la manjano kooni. Limekaa karibu mno na ardhi, hata mpita njia hulikanyaga pasipo kulitambua. Halipendi uwazi. Hukaa penye kivuli cha miyombo na mininga, kati ya majani makavu ya mwaka uliopita, na likichumwa hunyauka kabla hujafika nalo nyumbani.

Msimu mmoja nilifuatana msituni na mzee wa Kikonongo, mrina asali tangu ujana wake. Nilipoliona ua hilo nilichuchumaa, nikamwuliza: “Babu, hili mnaliitaje?”

“Hilo ni ua la porini tu, mjukuu wangu.”

Tukaenda hatua kadhaa. Kisha akasimama, akageuka nyuma. “Mama yangu alikuwa na jina lake,” akasema. “Limenitoka.”

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonipeleka vitabuni. Huko nilikuta kwamba wataalamu wa mimea wanaliita Siphonochilus kirkii, na kwamba ni la jamaa ya tangawizi na iliki. Hilo la pili lilinifurahisha, maana ni viungo vinavyofahamika katika kila jiko. La kwanza lilinisimamisha. Kirk ni John Kirk, tabibu wa Kiskoti aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akafika Unguja mwaka 1866, na baadaye akawa balozi wa Uingereza huko. Ua la msituni kwetu, mbali na bahari, linabeba jina la balozi wa Unguja.

Nilipomfuata Kirk zaidi, nikafikishwa kwenye ua jingine la kivulini, ambalo historia yake yatuhusu sisi wapenzi wa lugha kuliko nilivyotazamia. Ni ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani manene yenye manyoya laini, liotalo kwenye nyufa za mawe yenye unyevu katika misitu ya Tanga, ya Usambara na ya pwani ya Kenya. Kirk alipeleka vielelezo vyake katika bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884. Vilikuwa haba, havikutosha kwa kazi ya kulieleza na kulipa jina. Mwaka 1887 vikafika vingine, vimepelekwa na mmisionari wa Mombasa aitwaye William Ernest Taylor. Navyo havikutosha.

Taylor huyu si mgeni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ndiye aliyekaa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa wakikusanya tungo za Muyaka bin Haji, kazi ambayo matunda yake yalitufikia katika Diwani ya Muyaka ya mwaka 1940. Ndiye aliyechapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Mtu huyu alilishika ua lile mkononi mwake, akalikausha, akalitia katika karatasi, akalisafirisha.

Kisha akaja wa tatu. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mtawala wa wilaya ya Tanga chini ya Wajerumani. Mwaka 1892 aliliona ua hilo mahali pawili: karibu na Tanga kwenyewe, penye mawe ya chokaa, na ndani ya msitu wa Usambara. Alilipeleka kwa baba yake, mpenzi wa bustani, naye baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya ukoo wa baroni, la pili kwa kulifananisha na violeti, ua la mashamba ya Ulaya. Wajerumani wakaliita violeti ya Usambara. Waingereza na Wamarekani, violeti ya Afrika. Wala si ndugu ya violeti hata kidogo.

Lakini hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Miaka miwili kabla ya kuliona ua hilo, yaani mwaka 1890, baroni huyohuyo alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, kwa ajili ya chuo cha lugha za Mashariki kilichokuwa Berlin. Hakuwa mtawala wa kuzungumza kwa mkalimani. Alizijua ngeli. Alijua kuuliza “hiki ni nini?” na kulielewa jibu. Hivyo watu wawili waliokijua Kiswahili kiasi cha kukiandikia vitabu walilichukua ua lile kutoka kwa watu walioishi nalo vizazi na vizazi, na jina ambalo ulimwengu ulilipokea lina Kigiriki ndani yake, lina ukoo wa Kijerumani, lina ua la Ulaya. Lugha yetu haimo.

Ni rahisi kuwalaumu hao wawili, na sehemu ya lawama ni yao. Desturi ya sayansi ya wakati ule ilikuwa kumheshimu mleta kielelezo, si mwenye msitu. Lakini nadhani lawama nyingine tuibebe wenyewe, malenga wenzangu. Hebu tuyahesabu maua ya ushairi wetu: waridi, asumini, afu, kilua, mkadi, mrehani. Yote yananukia. Ni maua ya koja na ya kikuba, ya kitanda cha harusi, ya kuuzwa sokoni jioni. Ua liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa pua, na kwa mlango wa biashara. Lisilonukia na lisilouzika likabaki “ua la porini tu”. Ua la Usambara halina harufu. Na msitu, katika tungo nyingi za pwani, ni mahali pa wanyama wakali na majini, si mahali pa kuchuchumaa na kutazama chini.

Wala si kwamba lugha yetu haikuweza. Tazama tunavyoitaja rangi yenyewe ya ua hilo. Tunasema zambarau, kwa tunda la mti ambao asili yake ni Asia ya Kusini. Tunasema urujuani, neno lililotufikia kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao arghavan kwao ni mti unaochanua maua ya rangi hiyohiyo. Maneno yote mawili ni mimea iliyogeuka kuwa rangi, na yote mawili yamevuka bahari kutufikia. Ua la Usambara lilivuka bahari kwa kwenda, likaondoka bila neno.

Na lilikwenda mbali. Mwaka 1927 bustani moja ya biashara huko Los Angeles ilikuwa imeotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua mimea kumi ambayo ndiyo mizazi ya aina nyingi zinazouzwa leo katika vyungu. Mwaka 1946 Wamarekani wakaliundia chama chao. Huku nyumbani, misitu inayolihifadhi imeendelea kupunguzwa kwa shoka na jembe, na baadhi ya jamii zake porini zimo hatarini kutoweka.

Mwaka 2015 wanasayansi waliochunguza vinasaba waliliondoa kundi la Saintpaulia katika daraja lake, wakaliingiza ndani ya Streptocarpus. Ua la baroni sasa ni Streptocarpus ionanthus. Jina la ukoo lililodumu miaka zaidi ya mia moja na ishirini limefutwa kwa makala moja, ingawa wauza maua bado wanalitumia. Nakiri kwamba nilitabasamu. Kisha nikakumbuka kwamba lililofutwa ni lao, na pengo la jina letu liko palepale.

Nimejaribu kulitungia shairi ua la miombo ya Mpanda. Nililiita tangawizi mwitu, nikalikataa jina hilo kabla ya ubeti wa pili, kwa sababu linamkumbusha msomaji chai. Nimeliita pia kirki, kwa ukorofi, ili nisikie linavyolia katika kina cha kati. Linalia vibaya.

Mwezi uliopita nilimtembelea tena yule mzee. Kumbe hakuwa amelisahau swali langu. Alikuwa amempigia simu dada yake anayeishi Inyonga. Dada naye jina limemtoka, ila anakumbuka kwamba linaanza na ka-, kama yanavyoanza majina ya vitu vidogo katika lugha yao, na kwamba akiliona ua lenyewe huenda likamrudia. Mvua zikianza nitakwenda Inyonga. Nitalichimbua na udongo wake, lisinyaukie njiani.