Gemu Zilizovuma Bila Kuuzwa

Kwa miaka mingi kuvuma kwa gemu kulipimwa kwa nakala zilizouzwa dukani. Kwa kipimo hicho, bingwa wa kompyuta wa miaka ya 1990 ni Myst, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller. Ilitoka mwaka 1993 na kuuza zaidi ya nakala milioni sita.

Lakini gemu waliyoizoea makarani na wahasibu, saa za mapumziko na mara nyingi saa za kazi, ilikuwa karata za Solitaire. Ilikuja ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeiandika, Wes Cherry, alikuwa mwanafunzi aliyekwenda Microsoft kujifunza kazi, na hakulipwa mrabaha wowote. Kwa kuwa haikuuzwa peke yake, orodha za mauzo hazikuitaja. Naliona hilo kuwa pengo kubwa katika historia ya burudani: iliyochezwa na umma haikuandikwa, ikaandikwa iliyopita kwenye mashine ya muuzaji. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchezo wa nyoka, uliotiwa kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997 na Taneli Armanto, na ambao hata huku kwetu wengi waliufahamu kabla hawajagusa kompyuta.

Mtandao ulipoenea, kipimo kipya kikapatikana. Kampuni ya Zynga ilizindua gemu ya kilimo, FarmVille, ndani ya Facebook mwezi Juni 2009, bila kiingilio. Mapema mwaka 2010 ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, na mapato yalitoka kwa wachache walionunua vitu vya shambani kwa fedha halisi. Swali la kampuni likawa: leo wamerudi wangapi? Swali hilo likaingia hadi kwenye udongo wa gemu yenyewe. Ulipanda, ukasubiri saa kadhaa, na usiporudi kwa wakati mazao yalinyauka. Hapa ndipo mageuzi yalipo hasa. Mauzo yalihesabiwa gemu ikiwa imekwisha kutengenezwa. Marejeo yalihesabiwa kila siku, na gemu ikafinyangwa ili hesabu ipande.

Si kila mtengenezaji aliyeridhika. Dong Nguyen wa Hanoi aliiondoa gemu yake, Flappy Bird, sokoni Februari 2014, ikiwa kileleni, akieleza kuwa imewatia watu uraibu. Ninamheshimu kwa hilo.

Mwaka 2019 makumbusho ya The Strong, Rochester, yaliiingiza Solitaire katika orodha yake ya gemu za heshima, karibu miaka 30 baada ya kutoka. Kuihifadhi FarmVille kuna shida kubwa zaidi. Diski ya Myst inahifadhika kabatini, ila FarmVille ya kwanza iliishi kwenye seva, na ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020 programu ya Flash iliyoiendesha ilipofikia ukomo. Mashamba ya mamilioni ya watu yakafutika. Zimebaki picha za skrini na wachezaji wenyewe, na watunza kumbukumbu wanapaswa kuwahoji sasa, wangali wanakumbuka walipanda nini na nani alikuja kuwasaidia.