Wanafunzi wa Meno Walipoanza Kuja Vijijini

Leo mazungumzo yetu ni juu ya meno, na nitakuomba turudi nyuma miaka mingi kabla ya kufika tulipo.

Pengine umewahi kusikia likitangazwa kanisani au kwenye baraza la chifu: Jumamosi wanafunzi wa udaktari wa meno watakuja, matibabu ni bure, kila mzazi aje na watoto. Ukiwa mkaaji wa Chebunyo au kijiji cha jirani, unajua tangazo kama hilo lina uzito gani. Wengi wetu tumewahi kulala na shavu lililovimba tukingoja kupambazuke, na kulipopambazuka hatukuwa na nauli ya kwenda mjini. Kwa hiyo siku ikifika, foleni ni ndefu kabla jua halijachomoza. Je, vijana hao wametoka wapi? Walianzaje kuja? Na unafaa kupata nini kwao kabla gari lao halijaondoka?

Usidhani kwamba kabla ya daktari wa meno kujulikana huku watu hawakujali vinywa vyao. Walisugua meno kwa kijiti, na chakula chao kilikuwa wimbi, maziwa, mboga na nyama. Desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini ilikuwa ya kawaida miongoni mwa Wakipsigis na Wakalenjin wengine. Bado unaweza kumwona mzee mwenye pengo hilo. Wazee wengi hueleza kwamba pengo lilisaidia mtu akipatwa na pepopunda na taya kukaza: maziwa au dawa ingepitishwa hapo. Unaona basi kwamba tangu zamani jino liling'olewa kwa nia ya kuokoa maisha. Kumbuka neno hilo, maana tutalihitaji baadaye.

Kilichobadilisha meno yetu zaidi ni sukari. Kiwanda cha sukari cha Miwani, huko chini karibu na Kisumu, kilianza mwaka wa 1922. Miaka hiyohiyo ya 1920 kampuni kubwa za majani chai zilianza kupanda Kericho. Chebunyo si nchi ya majani chai. Huku ni upande wa chini, wenye joto na mvua chache, nchi ya ng'ombe na mahindi. Lakini chai ilitufikia, na sukari ikafuatana nayo. Vizazi vichache tu vikapita, na mtoto ambaye nyanya yake alinyweshwa maziwa matupu akawa anaamshwa kwa kikombe cha chai tamu na kulazwa kwa kingine. Sisemi uache chai, hata mimi nainywa. Nasema tu kwamba sukari ilifika kijijini miaka mingi kabla ya daktari wa meno.

Hospitali nazo zilikuja polepole. Kampuni za majani chai ziliwajengea wafanyakazi wao zahanati na hospitali. Tenwek, karibu na Bomet, ilianza kama zahanati ndogo ya wamishonari mwaka wa 1937, na daktari wake wa kwanza, Ernie Steury kutoka Marekani, alifika mwaka wa 1959. Zaidi ya miaka ishirini kazi ilikuwa mikononi mwa wauguzi. Ikiwa daktari wa kawaida alikuwa adimu hivyo, fikiria daktari wa meno. Mkenya aliyetaka kusomea udaktari wa meno ilimbidi aende ng'ambo, mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo hayo mwaka wa 1974. Dar es Salaam walianza Muhimbili mwaka wa 1979.

Hapo ndipo wanafunzi wanapoingia katika habari yetu. Mtu hawezi kujifunza meno kwa vitabu peke yake, lazima aone vinywa vingi. Na walimu wao walijua kwamba kijana akisomea mjini tu, atabaki mjini. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990, kiliweka katika masomo yenyewe kwamba ni lazima waende vijijini, wakae kwenye vituo vya afya na wajifunze kwa wananchi. Baadaye masomo ya meno yakaanzishwa hukohuko Eldoret. Mbali na masomo, wanafunzi wa meno wa vyuo vyetu wamekuwa wakijitolea kwenda mashambani pamoja na walimu wao, na wenzao wa Ulaya na Marekani huja kwa majuma machache wakati wa likizo. Wengine hulala kwenye madarasa ya shule.

Kazi yao hufanyika hivi. Kiti ni cha plastiki, au benchi la shule limeegemezwa ukutani. Mwanga ni wa dirisha na tochi ya kichwani. Vyombo huchemshwa kwenye jiko la shinikizo, mgonjwa hudungwa ganzi, kisha jino linang'olewa. Kwa kweli kazi kubwa ya kambi hizi imekuwa kung'oa. Mtu ameumwa miezi minane na jino limeoza mpaka mzizi, tena hakuna umeme wa kuendesha mashine ya kuzibia. Kung'oa humwondolea maumivu siku hiyohiyo, na simlaumu mtu yeyote. Lakini mtoto wa miaka saba aking'olewa gego lake la kudumu lililotoka mwaka uliopita, ndiyo basi. Halioti tena. Na mwaka ujao kambi ikirudi, atakuwa na jingine bovu, kwa sababu kilicholiozesha la kwanza bado kiko nyumbani.

Swali hili liliwasumbua watu wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980. Chuo chao cha meno kilikuwa na mpango wa afya ya kinywa vijijini, na huko mashine ya kutoboa jino haina faida bila umeme. Ndipo Jo Frencken, Mholanzi aliyefanya kazi chuoni hapo, na wenzake wakajaribu njia nyingine: kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono vilivyo kama vijiko vidogo sana, halafu kuliziba shimo kwa sementi inayoshikamana na jino. Bila mashine, na mara nyingi bila hata sindano ya ganzi. Njia ile ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe miaka ya mwanzo ya 1990, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Mwaka wa 2021 shirika hilo liliingiza sementi ya namna hiyo, inayotoa floridi kidogo kidogo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Dawa ya meno yenye floridi nayo iliingizwa, pamoja na dawa ya fedha na floridi ya kupaka, ambayo husimamisha uozo na kuacha doa jeusi. Watu hufikiri kila njia ya matibabu hutoka Ulaya ikaletwa Afrika. Hii ilianzia vijijini Tanzania, kwa watu waliochoka kung'oa tu.

Sasa, mama, sogea karibu, kwa maana hili linamhusu mtoto wa mgongoni.

Madaktari wa meno na wanafunzi walipoanza kuangalia vinywa vya watoto vijijini, waliona jambo ambalo mjini halikuonekana sana. Watoto wengi hawakuwa na meno ya chonge, yale yaliyochongoka. Hayakuwa yameoza. Yaliondolewa kabla hayajaota. Mwaka wa 1969 profesa Pindborg wa Denmark aliandika habari za namna hiyo kutoka Uganda, ambako desturi hiyo huitwa ebiino. Tanzania ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la meno ya plastiki. Hapa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Hassanali na wenzake, walichapisha mwaka wa 1995 waliyoyaona kwa Wamaasai wa mashambani: kati ya watoto 95 wa miezi sita hadi miaka miwili waliowapima, asilimia 87 walikuwa wameondolewa chipukizi moja au zaidi za meno. Wamaasai ni jirani zetu. Tunauziana ng'ombe nao, tunaoana, na ushauri juu ya mtoto mgonjwa huvuka mpaka pamoja na mambo hayo.

Jambo hili huanza hivi. Mtoto akiwa na miezi minne mpaka minane hivi, fizi huvimba mahali pa chonge na kuonekana nyeupe. Huo ni ukuaji wa kawaida, jino la utotoni liko ndani likijitayarisha. Lakini ndio wakati huohuo mtoto anapoanza uji, anapotambaa, anapotia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopewa na mama inapopungua. Basi anaharisha, ana joto, anatapika. Mama anafungua mdomo wa mtoto, anauona ule weupe, na mtu wa karibu anamwambia: hayo ndiyo meno mabaya, hao ndio wadudu. Anapelekwa kwa mama mzee anayejua kazi hiyo, na fizi inapasuliwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la jino, laini na jeupe, na kwa macho kinafanana kweli na funza. Baada ya siku chache kuhara kunakoma, kwa sababu kuhara kwingi hukoma kwenyewe, na mama mzee anashukuriwa.

Wengine hawaponi. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini anamwaga damu juu yake. Kifaa kichafu huleta pepopunda, usaha wa taya na sumu katika damu, na kikipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi. Anayepona naye mara nyingi huota chonge la ukubwani likiwa limepinda au limeharibika, au haliti kabisa, maana mbegu yake ilikuwa papo hapo chini ya kisu.

Sikuambii haya ili umchukie nyanya aliyekushauri. Yeye pia alitaka kuokoa maisha, kama wale waliong'oa meno ya mbele kwa ajili ya pepopunda. Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na umfikishe zahanati apewe zinki, ambayo humezwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, au mtoto asiyeweza kunyonya: usingoje kesho.

Turudi kwa wageni wetu. Kuna ziara zinazoacha kitu na ziara zinazopita kama mvua ya Januari. Katika miaka ya 2000 shirika la Bridge2Aid liliwaleta madaktari wa meno wa Uingereza kanda ya Mwanza, na kazi yao kubwa haikuwa kung'oa, bali kuwafundisha matabibu wa vituo vya vijijini kung'oa kwa usalama. Mzungu akarudi kwao, ujuzi ukabaki zahanati. Kwa maoni yangu ziara ya wanafunzi ingepimwa hivyo pia, badala ya kuhesabu meno yaliyojaza ndoo. Kwetu, huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, kwa hiyo swali la nani atabaki na daktari wa meno Bomet lina wa kuulizwa hapahapa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana meno yaliyooza. Idadi hiyo haiwezi kumalizwa na magari ya Jumamosi.

Ukisikia tangazo tena, nenda mapema, na ubebe kijitabu cha kliniki cha mtoto. Uliza ni nani daktari aliyesajiliwa anayewasimamia. Mwanafunzi anaruhusiwa kukutibu akiwa chini ya macho ya mkubwa wake, na kijana mwenye adabu hatakasirika ukiuliza. Ukiambiwa jino la mtoto ling'olewe, uliza: hili ni la utotoni au la kudumu? Haliwezi kuzibwa kwa mkono? Uliza pia wakiondoka, damu ikikataa kukoma au uvimbe ukija, uende wapi: Longisa, Tenwek, au kwa nani zahanati? Waombe wakuonyeshe kupiga mswaki mtoto mdogo, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, na cha punje ya minji baada ya hapo, asubuhi na usiku.

Na kama mtoto wako aliwahi kupasuliwa fizi, waambie bila hofu, hutafokewa. Chonge za ukubwani huota kati ya miaka 9 na 12. Mpeleke hata kama hana maumivu, maana daktari akiliona mapema jino linalokuja vibaya, bado kuna nafasi ya kulisaidia.