Kinga Huandaliwa Kabla ya Janga: Safari ya Mhogo kutoka Amani

Historia ya utafiti katika Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kama historia ya majengo: nani alijenga kituo, nani alikirithi, na lini milango ilifungwa. Mimi napendekeza tuitazame kupitia mmea mmoja, mhogo, na adui wake wa siku nyingi, ugonjwa wa batobato. Tukifanya hivyo tutaona gharama ya kuuthamini utafiti wakati wa njaa pekee.

Batobato ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika Usambara ya enzi za Wajerumani. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima hiyohiyo. Kituo kilipokuwa mikononi mwa Waingereza, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kutafuta mhogo usioshindwa na ugonjwa huo. Waliuchavusha mhogo kwa jamaa zake wa mwituni, mmojawapo ukiwa mpira wa Ceara, mti ambao walowezi wa Kijerumani walikuwa wameupanda kwa ajili ya utomvu. Kisha wakaurudisha uzao huo kwa mhogo wa chakula, kizazi baada ya kizazi, ili kupata mizizi inayolika. D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950.

Watu hao walichagua mimea kwa kuitazama majani. Yanayotendeka ndani ya jani yalifahamika baadaye sana. Mwaka 1928, kule Virginia, Marekani, S. A. Wingard alikuwa ameona tumbaku iliyougua virusi ikichipua majani mapya yasiyo na dalili, wala hakuwa na namna ya kueleza sababu. Maelezo yalipatikana mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999, Andrew Hamilton na David Baulcombe, nchini Uingereza, walionyesha kwamba mmea ulioshambuliwa huwa na vipande vidogo vya RNA vinavyolingana na maandishi ya kirusi. Vipande hivyo hutumika kama hati ya utambulisho: kila ujumbe unaofanana navyo hukatwa, na jeni husika hunyamazishwa. Virusi navyo si wajinga. Vingi hubeba protini za kuihujumu kinga hiyo.

Hujuma hiyo ndiyo inayosaidia kulieleza janga la Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ilisambaa kutoka eneo la kati kaskazini mwa nchi, ikibebwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Mwaka 1997 watafiti walitangaza kwamba kirusi kilichohusika kilikuwa na mchanganyiko wa maandishi ya virusi viwili tofauti. Virusi vya batobato vinapokutana katika mmea mmoja, kimoja kinaweza kuihujumu kinga katika hatua moja, na kingine katika hatua nyingine. Mmea ambao ungepona mbele ya adui mmoja hulemewa na wawili. Wakulima wengi waliacha kulima mhogo, na njaa ikafuata.

Wokovu ulitoka wapi? Programu ya Amani ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mbegu zake zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria. Humo ulipatikana mhogo ulioitwa 58308, na katika miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan ikautumia kuzalisha aina mpya. Baadhi ya wajukuu hao, kama TMS 30572, walipelekwa Uganda na kusaidia kukirudisha kilimo cha mhogo. Kilichozaliwa Usambara kilirejea Afrika Mashariki kwa kupitia Afrika Magharibi.

Wapo watakaosema kwamba hapa hakuna hasara, kwa kuwa mbegu zilirudi. Sikubaliani nao. Zilirudi kwa sababu mtu mwingine, katika nchi nyingine, aliendelea kuzitunza sisi tulipokuwa tumeachia. Hiyo ni bahati, na bahati si sera. Mtumishi wa umma anayepunguza fedha za shamba la mbegu katika mwaka wa mavuno mema haoni hasara yoyote mezani pake. Hasara hiyo humfikia mkulima miaka thelathini baadaye, wakati kirusi kimekwisha kubadilika, naye hana cha kupanda.