Mhusika Aliyefutwa: Matoleo Mawili ya Riwaya ya Kwanza ya Nancy Drew

Riwaya za Nancy Drew, msichana mpelelezi wa Marekani, aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni matini moja ya mwandishi mmoja. Dhana zote mbili hazina msingi. Carolyn Keene, ambaye jina lake limo kwenye majalada, hakuwahi kuwapo. Na riwaya ya kwanza wanayoikumbuka wasomaji wengi wa baada ya 1959 siyo iliyochapishwa mwaka 1930. Makala haya yanahoji kwamba mambo hayo mawili yanahusiana: matini isiyo na mwandishi mwenye haki juu yake ilibadilishwa kwa wepesi.

Edward Stratemeyer alibuni visa, akatayarisha muhtasari, kisha akawakabidhi waandishi vivuli. Mwandishi alilipwa mara moja, akaachilia haki zote na kuahidi kutunza siri. Kwa utaratibu huo Leslie McFarlane wa Kanada aliandika vitabu vya mwanzo vya Hardy Boys kuanzia 1927, na Mildred Wirt wa Iowa akaandika vya Nancy Drew kwa takribani dola 125 kila kimoja. Stratemeyer alifariki Mei 1930, siku chache baada ya vitabu vya kwanza vya Nancy kutoka, na kampuni ikaendelezwa na binti zake.

Mwaka 1959 mmoja wao, Harriet Adams, alianza kusimamia marekebisho ya vitabu vya zamani. Sura 25 zikawa 20, na Nancy wa miaka 16 akawa na miaka 18. Shabaha mojawapo ilikuwa kuondoa taswira za kibaguzi. Mfano ni Jeff Tucker, mlinzi wa nyumba katika *The Secret of the Old Clock*. Mwaka 1930 ni mtu mweusi, mlevi, na usemi wake umeandikwa kwa tahajia ya kumbeza. Mwaka 1959 ulevi umeondoka na dhihaka imeondoka. Lakini Tucker mwenyewe sasa ni Mzungu.

Mtoto mweusi aliyesoma toleo jipya aliepushwa na tusi, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, tusi lilifutwa pamoja na aliyetukanwa. Njia ya tatu, ya kumbakiza Tucker akiwa mtu mweusi mwenye heshima na akili timamu, haikufuatwa.

Mchango wa Wirt ulifahamika kwa mapana mwaka 1980, alipotoa ushahidi mahakamani New York katika mgogoro wa wachapishaji. Kuanzia 1991, matoleo ya awali yalianza kuchapishwa tena, na ulinganishi ukawa rahisi. Kwa hiyo, mhakiki anayezungumzia rangi, umri au ujasiri katika riwaya hizi bila kutaja toleo analolitumia anajenga hoja juu ya matini asiyoitambua.