Vya Kutazamwa Tu: Sanamu za Madirishani katika Maduka ya Vichezeo

Duka la vichezeo la zamani lilikuwa na mali ya namna mbili. Iliyouzwa ilikaa kwenye maboksi, imepangwa rafuni. Ile ya dirishani ilikuwa kubwa zaidi, mara nyingi ina mashine tumboni, na mteja hakuruhusiwa kuondoka nayo hata akiwa na fedha. Wakusanyaji wa leo wanaihangaikia hii ya pili, na naona wanafanya jambo la maana. Kichezeo kilichouzwa kilimfurahisha mtoto mmoja nyumbani kwao. Cha dirishani kilitazamwa na watoto wa mtaa mzima, wakiwemo wale ambao wazazi wao hawakuweza kununua chochote.

Mambo yalianza na kioo. Karne ya 19 ilipoelekea mwisho, wenye maduka makubwa waliweza kuweka vioo vipana mbele ya barabara, wakaanza kushindana kuvutia wapita njia. Mwaka 1874, Macy's ya New York ilipamba madirisha yake ya Krismasi kwa wanasesere wa kauri. Umeme ulipofika, sanamu zikapata mwanga na mwendo.

Paris ilikuwa na mafundi walioujua mwendo huo tangu zamani. Jean Roullet alifungua karakana yake mwaka 1866, na pamoja na mkwewe Ernest Decamps wakatengeneza sanamu za springi kwa ajili ya kumbi za matajiri. Mwaka 1909 kazi yao ikatoka nje, ikawafikia watu wa barabarani: duka la Bon Marché lilionyesha dirishani safari ya Ncha ya Kaskazini kwa sanamu zinazotembea. Wavumbuzi Cook na Peary walikuwa wakibishana mwaka huohuo nani kafika huko kwanza, kwa hiyo aliyesimama pale alikuwa akiitazama habari ya magazeti ikicheza mbele ya macho yake.

Huko Giengen, Ujerumani, Margarete Steiff, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni, alikuwa ameanzisha biashara ya vinyama vya kitambaa mwaka 1880. Dubu maarufu wa kampuni hiyo alibuniwa na mpwa wake Richard mwaka 1902. Baadaye msanii Albert Schlopsnies aliibunia kampuni mandhari ya maonyesho, zikiwemo za sarakasi.

Lakini hakuna aliyelihitaji dirisha kuliko Frank Hornby wa Liverpool. Meccano, aliyoipatia hataza mwaka 1901, ilikuwa vipande vya chuma vyenye matundu, skrubu na nati. Mtoto akifunguliwa boksi haoni kitu cha kutamani. Ndiyo maana kiwandani Binns Road walikuwako mafundi wa kuunda mifano mikubwa kwa ajili ya maduka: winchi za bandarini, magurudumu ya kupandia watu, vyote vikizungushwa na mota mchana kutwa. Mfano mmoja wa namna hiyo ulimeza vipande vingi kuliko ambavyo mtoto wa kawaida angevipata. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979.

Uadimu wa vitu hivi una sababu zake. Vilitengenezwa vichache, jua la dirishani likavipausha, mota zikachoka, na msimu ulipokwisha vikatupwa stoo kwa nondo na kutu. Mifano ya Meccano ilifunguliwa, vipande vyake vikatumika kwingine. Hapakuwa na mnunuzi wa kuvitunza, kwa kuwa wateja hawakuuziwa.

Anayekipata kimoja asikimbilie rangi mpya wala manyoya mapya. Alama ya jua ubavuni ndiyo ushahidi kwamba kilisimama dirishani. Ukiifuta, umebaki na kichezeo kikubwa tu. Asichomeke waya wa zamani kwenye umeme pia, maana mpira wake huwa umekauka na kumomonyoka. Boksi la kusafirishia, kibandiko cha duka, hata picha ya dirisha lenyewe, vihifadhiwe pamoja nacho.

Souillac, Ufaransa, ipo makumbusho yenye kazi za Roullet na Decamps, na Steiff ina yake Giengen. Vingine huenda bado vimo stoo za watu. Mwenye duka kongwe anayefunga biashara, na warithi wanaosafisha nyumba, tunawaomba wamwite mtu wa makumbusho kabla ya kuliita gari la taka.