Kumsindikiza Mzee: Habari za Padre Rebmann na Bibi Yake huko Rabai

Katika nchi zetu za Ngara na Biharamulo mgeni haachwi aende zake peke yake. Aliyelala kwetu siku mbili husindikizwa hata njia panda. Aliyekaa miaka husindikizwa mbali zaidi, na vijana humchukulia mizigo yake. Nasi walimu wa misioni tumesimama mara nyingi kando ya njia, tukiwaaga wazee, mume na mke, waliotoka ng'ambo wakazeeka katikati ya usharika mdogo wa vilimani. Siku kama hiyo watu huimba, lakini moyoni huzuka swali ambalo halisemwi kwa sauti: wazee hawa wametuachia nini, nao wamefanya kazi miaka mingi na waliobatizwa ni wachache hivi? Wanafunzi wakituuliza neno hili, twapenda kuwapeleka mbali na Ziwa, hata pwani, hata kilima cha Rabai nyuma ya Mombasa.

Huko Rabai, mahali paitwapo Kisulutini, Dr. Krapf na Padre Johannes Rebmann walianza kazi mwezi wa Agosti, mwaka wa 1846. Rebmann alizaliwa Gerlingen, katika Württemberg, mwaka wa 1820. Wengi wamjua kwa jambo moja tu, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake, na mabwana wa elimu waliokaa Ulaya wakamkanusha. Habari hiyo tunaipita. Sisi twamtazama yule aliyerudi safarini akakaa.

Mwaka wa 1851 alikwenda Misri akaoa. Bibi Emma alikuwa amekwisha kuitumikia misioni katika mji wa Cairo, wala hakuwa mgeni wa kazi hii. Mtoto wao mmoja alikufa angali mchanga. Mwaka wa 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya ugonjwa, na Padre Erhardt naye akaondoka mwaka wa 1855. Basi wakabaki wawili. Mwaka wa 1857 Wamasai waliishambulia nchi ya Wanyika, ndio hao waitwao leo Wamijikenda, na Padre na bibi yake wakalazimika kukimbilia Unguja. Nchi ilipotulia walirudi kilimani pao. Hapo ndipo tunapomstahi Bibi Emma zaidi, kwa kuwa kwenda mahali usipopajua ni jambo moja, na kurudi mahali ulipokwisha kupoteza karibu yote ni jambo lingine. Alikufa mwaka wa 1866, baada ya miaka 15 ya kuwa pamoja na mumewe.

Baada ya hayo Rebmann alikaa miaka mingine tisa. Walikuwapo wasaidizi, kama William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliofundishwa Nasik katika Bara Hindi, waliofika mwaka wa 1864. Lakini nyumbani mwake alikuwa mjane, na macho yake yakaendelea kufifia hata akawa kipofu. Wageni waliofika Kisulutini walimkuta mzee akishughulika na kamusi zake, na Wakristo wachache wakimzunguka. Wengine wakamlaumu. Walisema kwamba anahesabu maneno na kuwaacha watu, tena kwamba mahali pamoja pamemfunga asiende penginepo.

Hatutaki kumtetea kupita kiasi. Lawama hiyo ina kweli ndani yake: misioni ya Rabai ililala, na mtu mwenye nguvu angaliweza kufanya mengi. Lakini sisi tunaofundisha kwa kitabu yatupasa kuuliza maneno hayo yalipatikana wapi. Kinyasa alifundishwa huko pwani na Salimini, mtumwa aliyechukuliwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Mzungu akakaa chini, mtumwa akamfundisha. Kamusi hiyo ilitolewa na Krapf mwaka wa 1877. Injili ya Luka kwa Kiswahili, kazi ya Rebmann, ilipigwa chapa mwaka wa 1876. Kamusi ya Kinyika, aliyoanza pamoja na Krapf, haikutoka hata mwaka wa 1887. Aliyekusanya maneno ya watu kwa njia hii alikuwa kwanza amekubali kuwa mwanafunzi wao, na kazi ya namna hiyo haionekani katika hesabu ya waliobatizwa.

Hata mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwishoni mwa mwaka wa 1874 Padre W. S. Price akafika Mombasa, atengeneze makao ya watumwa waliowekwa huru. Ndiyo Freretown, iliyoanzishwa mwaka wa 1875. Ghafula misioni ikawa na watu wengi, nyumba, fedha na haraka. Kwa mzee kipofu wa Kisulutini nafasi ilikuwa imekwisha. Tangu alipofika pwani miaka 29 ilikuwa imepita, na katika miaka hiyo yote hakurudi Ulaya hata mara moja. Sasa ilimbidi kuaga.

Tufikiri jinsi kuondoka huko kulivyokuwa. Walipofika mwanzo, mzungu ndiye aliyejidai kumwongoza mtu mweusi njiani. Sasa hakuweza kuiona hata njia ya kushukia Mombasa. Mke aliyerudi pamoja naye kutoka Unguja alikuwa kaburini. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, Mkristo wa usharika ule mdogo, mmoja wa wale waliohesabiwa kuwa wachache mno.

Nyondo hakuishia njia panda, wala hakuishia bandarini. Aliingia chomboni pamoja na mzee wake, akavuka bahari, akamfikisha Ulaya. Rebmann akakaa Korntal, katika nchi yake ya Württemberg, mji ule ule alimokuwa akikaa Krapf, mwenzake wa Rabai. Huko alikufa tarehe 4 Oktoba 1876.